Bi Subiri Aifundisha Nyumba Kunyamaza

Mwanamke huyu hakuumbwa kukaa. Mpe kiti, atakifuta vumbi. Mpe chai, itapoa huku yeye yuko dirishani akichungulia nani kafungua geti la jirani. Bintiye alikuwa akisema kwamba mama yake ni kiguu na njia hata ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, na wala hakuwa akimsingizia. Asubuhi ungemwona anatoka jikoni anakwenda sebuleni, sebuleni anaingia stoo, stoo anarudi jikoni, na ukimwuliza anatafuta nini atakuambia hatafuti kitu, anapita tu.

Sasa cheka kidogo: mtaani walimwita Bi Subiri. Jina hilo alilitoa hospitali kuu, alikomalizia umri wake wote wa kazi katika chumba cha simu chenye kidirisha kimoja na feni moja, hedifoni kichwani, na mbele yake meza iliyojaa vitundu na nyaya. Yeyote aliyepiga simu hospitali alikutana kwanza na sauti yake. "Subiri kwenye laini, nakutafutia." Kisha akachomeka waya: wodi ya wazazi, maabara, chumba cha upasuaji, mochwari, popote. Na kama anayetafutwa hakupatikana, Bi Subiri hakumwacha mtu akisikiliza mlio mtupu. Alimrudia. "Bado namtafuta, baba." Akamrudia tena. "Ametoka, jaribu jioni." Wasichana aliowafundisha kazi waliijua sheria yake moja isiyokuwa na msamaha. Mwambie mtu hayupo, mwambie laini ina shughuli, mwambie hata hapana, lakini usimwache kwenye mataa. Aliyekosea hapo alivuliwa hedifoni mbele ya wenzake, na siku hiyo hakuishika tena.

Halafu hospitali ikaleta sauti ya mashine, bonyeza moja, bonyeza mbili, na Bi Subiri akaagwa kwa hotuba na saa ya ukutani. Saa hiyo hakuitundika. Ilikaa stoo ikipiga tiki-tiki ndani ya boksi lake mpaka betri ikafa.

Lakini nisikudanganye, si kustaafu kulikomnyima kitako. Alikuwa mwanawe. Huyu kifunguamimba aliacha chuo cha uuguzi, chuo ambacho mama yake alimwombea nafasi kwa matroni karibu na kupiga magoti, na siku alipoacha, mama alimpasha mbele ya wageni. Alimpasha kweli. Kijana akachukua begi, akaenda kuishi mji mwingine. Tangu hapo kila alasiri, vyombo vya mchana vikishaoshwa, Bi Subiri alishika simu yake, akasimama kando ya friji, akampigia. Simu iliita. Iliita mpaka ikachoka, ikakatika yenyewe. Haikuzimwa, wala hakutoka yule mwanamke wa kusema mteja hapatikani. Iliita tu. Rafiki mmoja wa kijana aliwahi kukutana na binti sokoni akasema jamaa ni mzima, anafunga umeme wa magari. Hayo ndiyo yote waliyokuwa wakiyajua.

"Heri anitukane," Bi Subiri alimwambia bintiye siku moja. "Mtu akikutukana, unajua umefika."

Binti naye alikuwa na ya kwake. Alifanya kazi palepale nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula: madaktari wa kampuni moja ya bima walisema maneno kwenye rekodi, yeye akayageuza maandishi. Majina ya watu, maradhi ya watu, siri za watu. Kazi hiyo ndiyo iliyowaweka mjini wote wawili. Basi msimamizi wake akampigia siku moja, sauti imekauka. Kuna mtu anajaribu kuingia kwenye mitambo ya kampuni, na njia anayopitia ni intaneti ya nyumbani kwenu. Kuchunguza, kumbe ni ile kamera ya getini waliyoinunua kwa sababu ni rahisi. Mtu asiyejulikana alikuwa ameingia ndani ya kamera na kujifanyia makazi. Kamera ikang'olewa saa ileile, lakini kampuni haikuridhika. Ilitaka nyumba iwekewe fayawoli, yaani chombo cha kusimama kati ya nyumba na intaneti kikiamua nini kipite na nini kisipite. Ijumaa mkaguzi wa kampuni angeijaribu nyumba kutoka huko aliko. Ikifaulu, kazi inaendelea. Isipofaulu, basi.

"Basi maana yake nini?" Bi Subiri aliuliza.

"Maana yake basi, mama. Natafuta kazi nyingine."

Wakampigia Fundi Kompyuta, yule mwenye kiduka mbele ya posta. Fundi akasema chombo chenyewe huwa kinaagizwa, wiki hii hakifiki. "Lakini mkiwa na kompyuta ya zamani, hata iliyochoka, inatosha. Tunaiongezea kadi ya pili ya mtandao, tunaweka programu ya bure, kwisha habari. Ila lazima ifutwe yote kwanza, isibaki na kitu." Hilo la kufuta alilisema harakaharaka, kama mtu anayekukumbusha ufunge mlango.

Mama na binti wakatazamana. Kompyuta ya zamani ilikuwepo. Ilikuwa stoo, imefunikwa blanketi, na mwenyewe hakuwepo.

"Nitafanya mimi," alisema Bi Subiri.

"Wewe, mama?"

"Nani alikuwa anachomeka nyaya za hospitali nzima, wewe?"

Binti akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Alikuwa na rekodi zilizomsubiri mpaka shingoni, hakuwa na nafasi ya kubishana. Na ukweli ni kwamba mama yake alishaingia stoo kabla ya kujibiwa.

Alilipangusa kasha la kompyuta hiyo kwa kitambaa chenye maji, akafungua ubavu wake, akatoa vumbi la kujazia mto na mende mmoja aliyekufa zamani. Alipoiwasha ilinguruma kama mzee anayeamshwa, kisha ikatoa picha: gari dogo jekundu, boneti wazi, nyaya nje. Kijana alilipiga picha gari hilo mwenyewe, zamani, na mama alikuwa amemkaripia siku hiyo kwa kushinda gereji badala ya kusoma. Bi Subiri akatoka nje. Akaanua nguo ambazo bado zilikuwa na maji. Akarudi kuzianika. Binti akamwokolea picha na nyimbo za kaka yake kwenye flashi, akaitia kwenye kikopo cha vifungo, akamwambia kila kitu kiko salama sasa, anaweza kufuta.

"Najua kiko salama."

"Basi bonyeza, mama."

"Nitabonyeza. Usinisimamie."

Alikwenda bombani mara nyingi kuliko kiu yake. Aliona kama anakwenda kuzoa chumba cha marehemu, na mwenyewe angali hai. Na hapakuwa na wa kumlaumu. Mwishowe akapiga moyo konde, akabonyeza, gari jekundu likatoweka, na kioo kikabaki cheusi chenye maandishi meupe yanayopanda juu bila kumtazama mtu usoni.

Kazi yenyewe, ukishaondoa huzuni, ilimkaa kama glavu mkononi. Fundi alikuja akachomeka kadi ya pili na kuacha programu kwenye flashi, akaenda zake. Mengine alimwelekeza kwa simu. Sasa kompyuta ilikuwa na vitundu viwili vya waya: kimoja cha nje, kinachopokea intaneti kutoka kwa modemu, na kimoja cha ndani, kinachoigawa kwa nyumba. Kila kitu kipite humo, hakuna njia ya panya. Bi Subiri akachukua rangi ya kucha ya bintiye, akatia nukta nyekundu kwenye kitundu cha nje asije akasahau, kama alivyokuwa akitia alama kwenye laini za upasuaji. Jina la fayawoli lilimkera ulimi, akaliita bawabu. Bawabu alianza kazi vibaya. Kompyuta ilizihesabu kadi zake kinyume na alivyozihesabu Bi Subiri, kitundu cha nje kikawa cha ndani, na nyumba ikakosa intaneti asubuhi nzima huku binti akishika kichwa. Bi Subiri akabadilisha nyaya, akafuta nukta, akatia nyingine. Intaneti ikarudi. Alitembea sebuleni mikono kiunoni, amejaa kama aliyepewa cheo.

Ndipo Fundi akamweleza habari ya wageni wasiojulikana.

"Huko nje kuna watu wanagonga kila wakati, mama. Mwingine mashine, mwingine sijui nani. Kumzuia kuna namna mbili. Unaweza kumkataa, yaani anajibiwa kwamba hapa hupiti. Au unamtupa tu, hajibiwi lolote."

"Halafu anajuaje kama amefika?"

"Hajui."

"Anakaa anagonga?"

"Mpaka achoke mwenyewe. Hiyo ndiyo inayotakiwa, na imeshawekwa hivyo tangu mwanzo. Wewe iache kama ilivyo."

Bi Subiri akasema sawa, akamshukuru, akakata simu. Mkono wake ulibaki juu ya meza, kidole kikigonga mbao. Mpaka achoke mwenyewe. Alisimama, akakaa, akasimama. Friji ilikuwa palepale, na alasiri ilikuwa haijafika, lakini masikio yake yalishaanza kusikia ule mlio unaoita, unaoita, unaoita. Ati yeye, yeye aliyekaa maisha yake yote akiwaambia watu bado namtafuta, leo aweke nyumbani kwake kitu cha kuwafanyia wengine hivyo? Akarudi kwenye kibodi, akatafuta palipoandikwa sheria za mlango wa nje, na juu kabisa akaongeza ya kwake: yeyote agongaye akataliwe, lakini ajibiwe. Akahifadhi. Kisha akaenda kutengeneza chai, na safari hii aliinywa ikiwa ya moto.

Alhamisi mkaguzi akapiga simu, na binti akaiweka kwenye spika ili mama asikie wakisifiwa.

"Nimewajaribu mapema, dada, nijue kesho nitakutana na nini," alisema mkaguzi. Alikuwa mtu wa haraka, nyuma yake watu wengine wanapiga simu. "Nyumba yenu inaongea sana."

"Inaongea?"

"Kila mlango ninaogonga unanijibu."

"Unajibu nini?"

"Unasema hapana. Vizuri, siingii. Lakini mwizi akiambiwa hapana, si ameshajua kuna mtu ndani? Anarudi na funguo nyingine. Masharti yetu ni nyumba isiitike kabisa. Kesho mchana najaribu mara ya mwisho, ripoti inakwenda juu."

Binti alibaki na simu mkononi. Alitazama kompyuta, akatazama dari, akaishia kwa mama yake, ambaye ghafla alikuwa na shughuli kubwa ya kukunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

"Mama, umegusa nini?"

Si mtu wa kujitia hamnazo, Bi Subiri. "Nimeifundisha adabu."

"Adabu?"

"Mtu hagongi akaachwa nje bila neno."

"Mama! Kazi yangu!" Binti alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Huko nje si hospitali. Hakuna mgonjwa, hakuna mke wa mgonjwa, hakuna mtu anayelia. Ni mashine tu zinazojaribu vitasa vya dunia nzima!"

"Na kama mmoja wao ni mtu?"

"Mtu gani?"

Macho ya Bi Subiri yalikwenda kwenye friji na kurudi, na binti akayaona. Hasira ikamwisha. Akakiinua kile kiti, akakikalia.

"Mama," alisema polepole, "hii siyo simu ya Kaka."

"Nani amesema habari za kaka yako?"

Akaingia stoo. Humo alihamisha maboksi kutoka upande huu kwenda upande ule, kisha akayarudisha. Alijua bintiye ana haki, hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba sheria yenyewe ilimtaka aiandike kwa mkono wake, kwenye kompyuta ya mwanawe: asijibiwe. Aliona kama akiiandika atakuwa amekubali kwamba ndivyo watu wanavyotakiwa kutendwa, kwamba kijana kule aliko hana kosa, amefuata kanuni tu. Alikasirika na mkaguzi, na Fundi, na kamera, akalipiga teke boksi la saa ya ukutani. Halafu akatoka, kwa sababu stoo ilikuwa ndogo na hasira yake ilihitaji nafasi.

"Na sisi wa ndani je?" aliuliza akiwa mlangoni. "Sisi tulio ndani ya nyumba tukikosea njia, na sisi tutupwe?"

Binti alifikiri kidogo. "Hapana. Wa ndani ajibiwe. Tena inatakiwa ajibiwe, asikae kusubiri bure."

"Una hakika?"

"Muulize Fundi."

Akamwuliza. Fundi, aliyeshachoka na familia hii, akasema ndiyo, ndani unamjibu mtu, nje unamtupa. Hapo Bi Subiri akatulia kiasi cha kuweza kukaa kwenye kibodi. Aliandika kwanza sheria ya ndani, yenye jibu. Akaifuta ile ya nje aliyoiongeza yeye, akaiacha nyumba irudi kwenye unyamavu wake. Alifanya hivyo ameuma meno, kama anayejitoa mwiba.

Ijumaa ilikuwa ndefu kuliko inavyostahili siku yoyote. Binti hakuweza kuandika hata sentensi. Mama alifagia, akapiga deki, akafagia palipopigwa deki. Mara akaenda kukishika kitundu chenye nukta nyekundu aone kama waya umekaza. Mara akamwuliza bintiye kama ana uhakika simu yake ina chaji. Mara akasema labda mkaguzi amewasahau, na binti akamwomba, tafadhali, akae. Hakukaa. Simu ilipoita wote wawili waliirukia.

"Dada, nimegonga pande zote," alisema mkaguzi. "Ni kama hapo hakuna nyumba. Mmefaulu. Endelea na kazi zako."

Binti alikaa sakafuni palepale, akalia na kucheka kwa pamoja, na mama yake akampangusa uso kwa kitambaa cha deki kabla hajatambua ni kitambaa gani. Furaha ilikuwa kubwa, nikuambie. Walikumbatiana mpaka kiti kile maskini kikaanguka tena.

Ni katika kukiinua kiti ndipo Bi Subiri alipotazama kioo cha kompyuta. Mistari ilikuwa ikishuka, mmoja chini ya mwingine, bila kupumzika.

"Hii ni nini?"

"Ndio hao wanaogonga."

"Si umesema wanatupwa?"

"Wanatupwa, hawajibiwi. Lakini nyumba inawasikia, mama. Kila anayegonga inamwona. Saa aliyokuja, mlango alioujaribu, mara ngapi amerudi. Ona, huyu amekuja tangu asubuhi."

Bi Subiri aliinama akasogeza uso karibu na kioo. Alisimama hivyo muda mrefu, bila kugusa kitu, bila kidole kugonga mbao, na binti akaanza kuogopa kidogo, maana hakuwahi kumwona hivyo.

"Kumbe inasikia," alisema. "Imenyamaza, lakini inasikia."

"Wote, mama."

Vyombo vya mchana havikuwa vimeoshwa siku hiyo. Hata hivyo alichukua simu yake, akaenda kusimama kando ya friji. Binti aligeuza uso kwenye kazi yake, kama alivyozoea kumstahi kila alasiri. Simu ikaita. Ikaita tena. Ikaanza kuita mara ya tatu, na hapo katikati ya mlio, kabla haujafika mwisho, ikakatwa. Tuu, tuu, tuu.

Bi Subiri aliitoa simu sikioni, akaitazama.

"Amekukatia?" binti aliuliza bila kugeuka, sauti chini. "Pole, mama."

"Pole ya nini?" Uso wake ulikuwa umelowa na meno yote yako nje. "Simu haijikati yenyewe katikati, mwanangu, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Hiki ni kidole chake. Yuko pale, ameishika mkononi, ameona ni mimi."

Akavuta kiti kilekile kilichoanguka mara mbili, akakaa.